Tana kwa Rangi ya Maji

Simu ya kawaida inayouzwa Garsen au Malindi siku hizi hupiga picha yenye pikseli zipatazo milioni 12: nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu, kila nukta na rangi yake. Ielekeze simu hiyo kwenye bonde la mto Tana nchini Kenya, karibu na Tarasaa, nayo itapokea kila kilicho mbele yake. Jani la mgomba, mgongo wa ng'ombe, bati la nyumba linalometa kwa mbali, mfuko wa plastiki ulionasa kwenye matete: vyote vitagawiwa nukta, wala hakuna kitakachoulizwa kina umuhimu gani. Mchoraji wa rangi ya maji akisimama palepale ataanza kwa kuchagua. Atachora mgomba mmoja na kuiacha mingine iwe kivuli cha kijani. Mfuko hatauona, au atauona na kuuacha kwa makusudi.

Kati ya simu na mchoraji ameingia mshirika wa tatu, programu ya kuhariri picha, ambayo huzichukua nukta zile milioni 12 na kuzigeuza zifanane na rangi iliyotiririka juu ya karatasi. Kazi hiyo iliwahi kuwa ya wataalamu wenye kompyuta kubwa. Sasa hufanyika kwenye simu ileile, kwa mguso mmoja. Huonekana kwenye kadi za harusi, kwenye mabango ya mahafali, kwenye picha za marehemu zinazotundikwa sebuleni. Na kwa kuwa imekuwa rahisi kiasi hicho, ni rahisi pia kusahau kwamba mguso ule umebeba maamuzi maelfu kuhusu kipi kibaki na kipi kiondoke. Katika mahali kama delta ya Tana, maamuzi hayo yana uzito.

Rangi ya maji yenyewe ina ujamaa na eneo hili kuliko wengi wanavyodhani. Ndani ya kile kibweta kidogo cha rangi mna chembe zilizosagwa zikawa laini, na kinachozishikanisha ni gundi ya mgunga, utomvu unaotoka kwenye gome la miti ya nchi kavu na kugandia juani. Kenya huvuna gundi hiyo Turkana, Wajir, Mandera na Garissa, na Garissa ndio mji ambao Tana huupita kabla ya kuteremka Hola, kisha Garsen, kisha baharini. Burashi ikigusa kibweta, gundi huyeyuka, maji hubeba chembe, karatasi hunywa maji, chembe hubaki. Mwangaza wote wa picha hutokana na weupe wa karatasi unaopenya katika rangi. Mchoraji wa rangi za mafuta anaweza kuweka nyeupe juu ya nyeusi dakika ya mwisho. Wa rangi ya maji hana nafasi hiyo: lazima ajue tangu mwanzo ni wapi hatagusa. Jua linalometa juu ya mto, kwenye mchoro wake, ni karatasi iliyoachwa kavu.

Halafu kuna kingo. Doa la rangi ya maji likikauka, ukingo wake huwa mzito na mweusi kuliko katikati yake. Ni alama inayomfanya mtazamaji aseme, hata bila kufikiri, kwamba hii ni rangi ya maji. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza katika jarida la Nature kwa nini hali iko hivyo, wakianzia kwenye doa la kahawa mezani. Ukingo wa tone hung'ang'ania mahali pake, na maji ya pale pembezoni hukauka haraka kuliko ya katikati. Ili pengo lizibwe, maji ya ndani hukimbilia nje, yakibeba chembe, na kuzirundika mpakani.

Mwaka huohuo wa 1997, mwezi Agosti, mjini Los Angeles, Cassidy Curtis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwasilisha kazi iliyoonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuigiza rangi ya maji kwa kufuata fizikia yake. Waliigawa karatasi katika matabaka matatu. La kwanza ni la maji yanayotembea juu ya karatasi, la pili ni la chembe zinazotua na kunyanyuka, na la tatu ni la unyevu unaosambaa ndani ya nyuzi za karatasi. Kompyuta ilikokotoa mtiririko hatua kwa hatua: wapi maji yanatuama, wapi yanarudi nyuma na kuchora maua yenye kingo zilizochongoka, wapi chembe zinanasa kwenye mabonde madogo ya karatasi. Picha zilizotoka zilikuwa na ukingo mweusi kwa sababu maji ndani ya hesabu yalikuwa yamefanya kazi yake.

Na mwaka huohuo, mvua za El Niño zilipoanza kunyesha miezi ya mwisho, Tana ilifurika. Mradi wa mpunga wa delta, uliokuwa chini ya TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ulipoteza matuta yake na mifereji yake. Kilimo kikubwa kilichokuwa kimegharimu miaka ya kazi kikasimama. Aliyeishi Gamba, Ngao au Tarasaa wakati huo hakuhitaji kuambiwa kwamba maji hubeba na maji hutua. Mto unapopanda kingo zake, mwendo wake hupungua ghafla, na mchanga mzito huangukia palepale ukingoni. Miaka mingi ya mafuriko hujenga ukanda ulioinuka kandokando ya mto, na juu ya ukanda huo ndiko Wapokomo, wakulima wa delta, wamepanda migomba, miembe na mahindi kizazi baada ya kizazi. Sababu ya ukingo wa mto na sababu ya ukingo wa doa si moja. Moja hutokana na mwendo uliopungua, nyingine na maji yaliyokauka. Lakini matokeo yanakaribiana kiasi cha kumfanya mtu atulie na kutazama. Delta nzima ni rangi iliyoachwa na maji.

Vitufe vinavyopatikana kwenye programu za leo vina asili nyingine pia, isiyohusiana na sanaa hata kidogo. Mwaka 1976 nchini Japani, Michiyoshi Kuwahara na wenzake walikuwa wakishughulikia picha za kitabibu za moyo na mishipa. Picha hizo zilijaa chengachenga. Ukizilainisha kwa njia ya kawaida chenga hupungua, lakini kuta za moyo nazo hufifia. Walichobuni ni hiki: kwa kila nukta, tazama vijirani vinne vinavyoizunguka, yaani vikundi vya nukta vya ukubwa sawa, chagua kile ambacho rangi zake zimetulia zaidi, kisha ipe nukta wastani wa kijirani hicho. Nukta iliyo upande mmoja wa ukuta wa moyo itafuata upande wake. Ya upande wa pili itafuata wake. Chenga hufutika, ukuta hubaki umesimama.

Miaka ilipopita, watu waligundua kwamba kichujio hicho kikitumiwa kwenye picha ya mti au ya uso, huigawa picha katika vipande bapa vyenye kingo safi, kama vile mtu amepaka kwa burashi. Ndipo kifaa cha tabibu wa moyo kikawa chombo cha mchoraji. Mwaka 1990 Paul Haeberli alionyesha jinsi picha inavyoweza kujengwa upya kwa mipigo ya burashi inayochukua rangi yake kutoka kwenye picha asili, na mwaka huo ndipo Photoshop ya ndugu Thomas na John Knoll ilipotoka kwa mara ya kwanza. Katikati ya miaka ya 1990 wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, waliandika GIMP na kuitoa bure, jambo ambalo hadi leo ni neema kwa kila anayejifunza kuhariri picha bila fedha ya leseni. Mwaka 2013 ikaja Waterlogue, programu ya simu iliyoshughulikia rangi ya maji peke yake. Mwaka 2015 Leon Gatys na wenzake wa Tübingen, Ujerumani, walifundisha mtandao wa neva kuchukua mtindo wa mchoro mmoja na kuuvika picha nyingine, na kufikia katikati ya 2016 programu ya Prisma ilikuwa imelifikisha jambo hilo mikononi mwa mamilioni ya watu.

Sasa tuichukue picha moja na kuifanyia kazi taratibu, ili yaliyojificha ndani ya mguso mmoja yaonekane. Tuseme ni picha ya asubuhi: mtumbwi umefungwa kwenye shina, mwembe mkubwa umeinamia maji, ng'ambo ya mto kuna nyasi ndefu na kundi la ng'ombe.

Hatua ya kwanza ni kutengeneza nakala na kuiacha picha asili bila kuguswa. Ya pili ni kunyanyua vivuli. Picha ya pwani huwa na anga jeupe kupindukia na vivuli vizito, na programu ikipewa picha hiyo jinsi ilivyo itafanya chini ya mwembe kuwe shimo jeusi, jambo ambalo mchoraji wa rangi ya maji hulikwepa kwa kila hali. Ya tatu ni kulainisha, kwa kichujio cha Kuwahara au mfano wake. Hapa majani ya mwembe huacha kuwa majani; huwa madoa manne au matano ya kijani, moja lenye umanjano, moja linaloelekea bluu. Ya nne ni kutafuta kingo: programu hukokotoa mahali rangi zinapobadilika ghafla, huchora mstari mwembamba, kisha tabaka hilo hulazwa juu ya lile laini kwa namna ya kuzidishana, ili mistari itie giza bila kufunika. Ya tano ni karatasi. Picha ya karatasi nene yenye vinyweleo huwekwa juu ya yote, na ghafla anga hupata ukwaruzo wake.

Ya sita ndiyo inayosahaulika mara nyingi, nayo ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na ya kawaida. Ni kurudisha weupe. Kwa burashi pana na laini, mhariri hufuta pembe za picha, hufuta sehemu ya anga, hufuta upande mmoja wa maji, hadi karatasi tupu ionekane. Programu haipendi utupu. Imeandikwa ijaze kila nukta. Mchoraji halisi angemaliza mtumbwi kwa uangalifu, mwembe kwa nusu ya uangalifu, na nyasi za ng'ambo kwa mpigo mmoja unaoishia hewani. Mhariri akikubali kufuta, jicho la mtazamaji litakwenda kwenye mtumbwi bila kuelekezwa.

Lakini turudi hatua ya tatu, kwa maana ndipo jambo kubwa lilipo. Kile kijirani kinachotazamwa kuzunguka kila nukta kina upana, na upana huo huwekwa na mtu, au huwekwa na kiwanda kwa niaba yake. Chochote chembamba kuliko kijirani hufutika. Ukiweka upana wa nukta tatu, kamba ya mtumbwi itabaki. Ukiweka tisa, kamba inapotea na mtumbwi unaelea bila kufungwa. Ukiweka ishirini, pembe za ng'ombe zinakwenda, na ng'ombe wenyewe wanakuwa mawe ya kahawia.

Katika picha ile, ng'ambo ya mto, kuna kitu kimoja chembamba zaidi ya pembe. Ni njia ya mifugo, mstari mweupe wa vumbi uliokatwa na kwato katikati ya nyasi hadi kwenye maji. Waorma, wafugaji wa delta, huiita malka, mahali pa mifugo kushukia mtoni. Kwenye picha ya nukta milioni 12, iliyopigwa kutoka ng'ambo, huenda upana wake ni nukta tano. Kichujio kitaimeza bila kuacha alama, na picha itakuwa nzuri bila hiyo: nyasi zitaungana, kijani kitatulia.

Mtu wa mbali hatajua kwamba kuna kilichotoweka. Mtu wa Garsen atajua. Kuanzia Agosti 2012, mapigano kati ya jamii za wakulima na wafugaji wa delta hii yaliua zaidi ya watu mia moja kwa muda wa wiki chache, na mwezi Desemba yakazuka tena. Sababu zake zilikuwa nyingi, siasa ikiwemo, lakini katikati yake kulikuwa na maswali haya ya kingo: shamba linaishia wapi, malisho yanaanzia wapi, mifugo ipite wapi kwenda kunywa wakati wa kiangazi. Mwaka huohuo delta ya Tana iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, hekta 163,600, miongoni mwa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Watu wengi duniani waliijua delta kwa mara ya kwanza kupitia picha za ndege na viboko. Waliokuwa wakiishi ndani yake walikuwa wakiwazika watu wao.

Hapa haisemwi kwamba kichujio kina hatia. Kinachosemwa ni kwamba ulaini una gharama, na anayelipa gharama hiyo si yule anayebonyeza. Picha ya delta isiyo na njia ya mifugo inasema, kwa upole kabisa, kwamba ardhi hii ni bustani isiyo na mwenyewe. Picha isiyo na vibanda vya walinda ndege kwenye mpunga inasema hakuna aliyelima. Picha nyingi za namna hiyo zimekwisha kuchorwa Afrika Mashariki, kwa mkono na kwa mashine, na zinauzika. Mhariri anayeijua delta anaweza kuzuia hilo kwa kazi ya dakika chache: kufunika njia ile kwa kifuniko kabla ya kulainisha, ili kichujio kipite juu yake bila kuigusa, kisha kuiimarisha kwa mpigo mmoja wa rangi ya mchanga. Itabaki rangi ya maji, tena itakuwa rangi ya maji iliyo bora zaidi, kwa kuwa jicho litakuwa na njia ya kufuata kutoka kwenye mtumbwi hadi kwenye upeo.

Nyuso nazo zina jambo lao. Uso mweusi uliopigwa picha saa sita mchana chini ya kofia au mtandio huwa na tofauti ndogo kati ya mwanga na kivuli. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazobeba shavu, tabasamu, mikunjo ya macho ya bibi. Kichujio kinachopunguza idadi ya rangi hukusanya zote hizo na kuzifanya doa moja la kahawia. Tatizo hili ni kongwe kuliko programu hizi: kwa miongo kadhaa, kuanzia miaka ya 1950, maabara za Kodak zilirekebisha rangi za picha kwa kutumia kadi zenye sura za wanawake weupe, na ngozi nyeusi ikapokea kilichobaki. Dawa yake kwenye programu si ngumu. Uso utengwe kwenye tabaka lake, vivuli vyake vinyanyuliwe peke yake, kijirani cha kichujio kipunguzwe hadi nukta mbili au tatu, na joto la rangi lisogezwe kuelekea wekundu, kwa sababu ngozi nyeusi kwenye rangi ya maji hujengwa kwa matabaka ya wekundu na bluu yanayopishana. Picha ya marehemu inayotundikwa sebuleni inastahili dakika hizo kumi.

Pwani haijaanza leo kuigeuza picha iwe kitu kingine. Kadi za posta za Zanzibar na Mombasa za mwanzo wa karne ya 20 zilitokana na picha za wapiga picha wa hapahapa, lakini nyingi zilichapwa Ulaya, hasa Ujerumani, na kupakwa rangi na watu ambao hawakuwa wameiona bahari hii. Baadaye, Lamu, safari fupi kutoka Garsen kwa kipimo cha nchi hii, Omar Said Bakor aliendesha studio ambamo alikata picha na kuziunganisha kwa mikono yake, vipande vya hapa na vya pale vikawa picha moja ya ajabu. Alijifundisha mwenyewe. Hakuwa na programu. Alikuwa na mkasi, chumba cha giza na wateja waliomwamini. Katika miaka ya 1990 wapiga picha wa kivukoni Likoni, Mombasa, waliwasimamisha wasafiri mbele ya mapazia yaliyochorwa majumba, ndege na meli, ili mtu aliyekuja mjini kutafuta kazi arudishe kijijini picha ya safari ambayo bado alikuwa anaiota. Katika studio ya Lamu na kwenye vibanda vya Likoni, mwenye sura alikuwepo kazi ilipofanyika. Aliweza kusema hapana.

Mkono wa mchoraji nao huchagua cha kuacha. Joy Adamson, ambaye wengi humjua kwa simba wake Elsa, alianza Kenya kwa kuchora mimea, na kazi hiyo ikampatia medali ya dhahabu ya Grenfell mwaka 1947. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao, na kitabu chake kuhusu watu hao kilitoka mwaka 1967. Michoro yake ni mamia, mingi ikiwa mikononi mwa Makavazi ya Taifa ya Kenya. Thamani yake ni kubwa, kwa sababu shanga na mishono iliyoonekana wakati ule imehifadhiwa humo kwa subira. Hata hivyo ni michoro iliyoagizwa na serikali ili kuhifadhi kilichodhaniwa kuwa kinakufa, na nyuma ya watu wake mara nyingi hakuna shamba, hakuna nyumba, hakuna mto. Karatasi imeachwa tupu. Weupe unaweza kuwa mwanga, na unaweza pia kuwa ardhi iliyoondolewa chini ya miguu ya mtu. Inategemea nani ameuacha, na kwa nini.

Tana ina mfano mwingine, mkubwa kuliko yote, wa kitu chake kugeuzwa. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Graham Hyslop na Washington Omondi, ilitakiwa kuandaa Wimbo wa Taifa wa Kenya. Sauti waliyoichagua ilikuwa ya bembelezo la Wapokomo, wimbo wa mama kumtuliza mtoto, na Mzee Meza Morowa Galana wa Tana River anakumbukwa kuwa ndiye aliyeutoa. Kamati ilifanya kile ambacho mhariri wa picha hufanya. Ilichukua kitu kilichokuwa na maelezo mengi, sauti ya mama mmoja, kibanda kimoja, kilio cha mtoto fulani, ikaondoa maneno, ikapanga sauti ziwe za bendi na kwaya. Kilichobaki ni umbo la wimbo lenyewe, ile panda na shuka ambayo Mpokomo huitambua hata akiisikia uwanjani Nairobi.

Kazi hiyo ilifaulu kwa sababu waliojua waliulizwa. Kulikuwa na Wakenya mezani waliozoea nyimbo za watu wao, na kulikuwa na mwenye wimbo. Walijua panda na shuka ndiyo isiyoguswa, na kwamba mengine yanaweza kuachwa. Programu ya picha ina uwezo wa kupanga upya kila kitu, ila hakuna ndani yake anayejua panda na shuka ya Tarasaa ni ipi. Je, ni mwinamo wa mwembe? Ni ile rangi ya maji ya Tana, kahawia ya chai ya maziwa wakati wa mafuriko, ambayo vichujio vingi huisukuma iwe bluu kwa sababu vimefunzwa kwamba mito ni ya bluu? Ni njia ya mifugo? Mtu wa hapa atajibu kila mara kwa namna yake.

Na jibu litabadilika, maana delta yenyewe haitulii. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, na mto ukaufuata. Leo Tana humwaga maji yake baharini Kipini. Maziwa ya delta hujaa na kukauka mto unapohama au kukatiwa maji na mabwawa ya juu. Mafuriko ya 2018 na yale ya mwisho wa 2023 yalihamisha vijiji. Mwembe ulio kwenye picha leo huenda usiwepo baada ya msimu ujao. Kwa sababu hiyo faili asili ni hati. Liandikwe tarehe na mahali, jina la kijiji na jina la sehemu ya mto, lihifadhiwe mahali pengine mbali na simu. Toleo la rangi ya maji litundikwe ukutani, lifurahishe nyumba, lakini lisichukue nafasi ya ile picha yenye mfuko wa plastiki na bati linalometa.

Ziko pia picha ambazo hazifai kupakwa kabisa. Picha za waliouawa, za nyumba zilizochomwa, za watu waliokwama juu ya paa wakisubiri mashua, zikilainishwa hupoteza kazi yake ya ushahidi, na mateso hugeuka kuwa mandhari. Mhariri anapaswa kuziacha na ukali wake wote.

Kwa zilizobaki kuna zoezi moja ambalo mwalimu wa sanaa katika shule yoyote ya Garsen, Ngao au Tarasaa anaweza kulifanya, sasa kwa kuwa mtaala wa umilisi umeipa sanaa nafasi yake darasani. Achukue picha moja tu ya bonde, yenye mto, mashamba na malisho ndani yake. Ampe mwanafunzi kutoka nyumba ya wakulima na mwanafunzi kutoka nyumba ya wafugaji, kila mmoja na nakala yake na programu isiyolipiwa. Wasiambiwe wachore nini, waambiwe tu kwamba kijirani cha kichujio kina upana na kwamba wao ndio wa kuuweka, kisha kila mmoja afunike anachotaka kisifutike. Kazi zote mbili zichapwe kwenye karatasi ya A4 pale mjini na zibandikwe bega kwa bega. Mmoja huenda atakuwa ameiokoa mistari ya mpunga, mwenzake ameiokoa malka, na darasa litakuwa na jambo la kujadili kwa saa nzima: kwa nini huyu ameiacha ile, kwa nini yule ameishika hii, na kama nafasi ya kutosha ipo kwenye karatasi moja kwa zote mbili. Jaribio la tatu wanaweza kulifanya pamoja.